Usimpelekee Mchina saa ya ukutani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuma machache yaliyopita, aliporudi kutoka Guangzhou. Alisema alikaa China siku tisa, na kwa siku zote tisa hakuna aliyemsalimia. Akamalizia kuwa Wachina wanajua pesa tu, utu hawaujui. Barua yake nimetumiwa na watu wanne, kila mmoja ameipiga picha kwa simu na kuniuliza, "Dada, wewe uliyeko huko, ni kweli haya?"

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. China nilifika 2008 kusoma lugha mjini Wuhan, 2012 nikahamia Guangzhou, na tangu hapo nakula kwa ulimi: ni mkalimani wa wafanyabiashara wetu. Nawapeleka Sanyuanli kwenye mabegi, Baima kwenye nguo, Dashatou kwenye simu, Foshan kwenye vigae na samani. Msomaji yule simjui, ila safari yake naijua. Ameshuka na ndege usiku, amelala hoteli ya Xiaobei, amekula ugali kwa Mwafrika mwenzake, asubuhi ameingia sokoni. Huko maongezi yake na Wachina yamepitia kwenye kikokotoo: mmoja anaandika 35, mwingine anafuta anaandika 22, wa kwanza anajishika kichwa kama aliyefiwa. Usiku anafunga mizigo kwa selotepu mpaka wa chumba cha pili wanagonga ukuta. Siku ya tisa, uwanja wa ndege. Kwetu Tanga tunatania wageni kuwa waja leo waondoka leo. Hawa wa Guangzhou ndio kweli huja leo wakaondoka leo, na wengine wamekuja mara kumi.

Kusalimiwa, alisalimiwa. Hakusikia tu.

Mwenye duka wa hapa akikuona saa sita mchana huinua uso kutoka kwenye bakuli lake akauliza, "Chi le ma?" Yaani, umekula? Ndiyo "habari za saa hizi" yake. Hakukaribishi mezani wala tumbo lako halimhusu. Unajibu "Chi le", nimekula, hata kama una njaa ya tangu jana, mnaendelea na shughuli zenu. Mimi hili nilifundishwa na mlinzi wa bweni letu kule Wuhan. Kila mchana nikipita getini ananiuliza kama nimekula, nami kwa ushamba wangu namwambia bado. Siku ya tatu akanisimamisha, akafungua kopo lake, akanipa mayai mawili, yale wanayoyagonga ganda lipasuke kisha wakayachemsha ndani ya majani ya chai na viungo, na yai lenyewe linabaki na michirizi ya kahawia kama marumaru. Nikayala pale pale, nimesimama, huku ananitazama kwa huruma. Mwanafunzi mwenzangu aliyenitangulia miaka miwili alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini.

Tena katika mambo ya heshima Mchina na Mswahili wanakaribiana kuliko tunavyodhani. Kaka mkubwa wa baba yako kwa Kichina ni bobo, mdogo wake baba ni shushu. Sisi tuna baba mkubwa na baba mdogo. Shangazi ni gugu, mjomba ni jiujiu, na ukiwachanganya unaonekana hukulelewa. Mzungu hao wote kwake ni anko na anti, basi. Na usiyemjua, mkikutana njiani, unampa cheo cha ukoo kulingana na umri wake, kama tunavyofanya sisi. Mama anayefagia korido ya hoteli unamwita ayi, mama mdogo. Nina mteja wa Mwanza, mwanamke mwenye duka la vitenge, ambaye nilimfundisha maneno mawili tu, "Ayi, zao", mama mdogo, za asubuhi. Siku ya kwanza aliyoyasema, yule mfagiaji aliegemeza fagio ukutani, akaenda, akarudi na chupa ya chai imejaa maji ya moto. Maji ya moto matupu, bila majani, bila sukari. Ndiyo mapenzi ya hapa. Julai, joto la kuyeyusha lami, watu wanakunywa maji ya moto na wanakuona wewe unayetafuta ya baridi kuwa unajitafutia maradhi.

Lipo pia neno linalotugombanisha nao bure. Utamsikia Mchina anaongea, akikwama kidogo anasema "neige, neige, neige". Wateja wangu wanaojua Kiingereza wameshataka kupigana dukani, wakidhani ni lile tusi la Kiingereza la mtu mweusi, maana matamshi yanakaribiana. Maana yake ni "ile, ile". Ni nanihii yao. Na sisi tukivuta "nanihii" katikati ya sentensi sijui wao husikia nini.

Sasa nije kwenye saa.

Nina mteja mmoja, mzee wa Kariakoo, anauza vigae. Ni mtu wa zamani, mwenye adabu zake, hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Safari moja, bila kuniambia, alipita Mwenge kwa wachongaji akanunua saa ya ukutani ya mbao, umbo la bara la Afrika, Kilimanjaro imechongwa pembeni. Elfu sitini. Akaifungasha vizuri, tukaenda nayo Foshan kwa mwenye kiwanda ambaye amefanya naye biashara miaka sita. Baada ya chai akaitoa kwa mikono miwili. Mwenye kiwanda akafungua boksi. Mkewe akatazama sakafu. Kijana wa mauzo akakumbuka ghafla kuwa ana simu ya kupiga.

Kwa Kichina saa ya ukutani ni zhong. "Mwisho" nao unatamkwa zhong. Kumpa mtu saa ni song zhong, na kumuuguza mzazi katika pumzi zake za mwisho hadi kumsindikiza kaburini nako ni song zhong. Kwa hiyo mzee wangu, kwa heshima zote, alikuwa amemwambia rafiki yake kwamba amekuja kumzika. (Saa ya mkono haina tatizo, jina lake ni jingine.)

Mwenye kiwanda alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kujipapasa mifukoni. Hakuwa na kitu. Siku hizi huku hata muuza mahindi ya kuchemsha analipwa kwa kuskani na simu, hakuna mtu anayetembea na sarafu. Akafungua droo ya kwanza, ya pili, akamtuma binti yake kwa mlinzi wa geti. Sisi tumekaa, chai inapoa, mimi natafuta maneno. Binti akarudi na sarafu ya yuan moja, ile yenye ua nyuma. Baba yake akaipokea, akaiweka kwenye kiganja cha mzee wangu kwa mikono miwili, akakifunga kiganja.

Mzee akafungua mkono, akatazama. Akanigeukia. "Binti, huyu ananilipa? Hii ni shilingi ngapi?"

Nikamwambia, mia tatu na ushee.

Uso ulivyombadilika, nilidhani anaichukua saa yake tunaondoka. Nikamshika mkono nikamweleza taratibu: kwa mila yao, kitu kilichonunuliwa si zawadi, na kisipokuwa zawadi kile kisirani kimekatika. Angeweza kuikataa. Angeweza kuipokea, sisi tukigeuka akaitupa jalalani. Badala yake ametuma mtu mpaka getini kutafuta sarafu ili saa abaki nayo. Mzee akafikiri. Akasema, "Kumbe kama sindano. Na sisi si hatuombi sindano usiku kwa jina lake." Akacheka, na mwenye kiwanda akacheka kwa kuona yeye amecheka, mke akaleta chai mpya. Saa inaning'inia ofisini mpaka leo. Bei ya vigae, msomaji usiulize, haikushuka hata senti.

Malalamiko mengine ninayopokea kila mwaka ni ya mzigo kuchelewa. Mtu analipa advansi Januari, anaahidiwa siku ishirini, halafu simu ya kiwanda haipokelewi. Anapiga kelele Kariakoo nzima kuwa ametapeliwa. Matapeli wapo, sikatai, lakini mara nyingi hapo hakuna tapeli. Ni Mwaka Mpya wa Kichina. Hufuata mwezi, kwa hiyo kwa kalenda yetu huangukia popote kati ya 21 Januari na 20 Februari, na msimu wake wa safari unahesabiwa siku 40: 15 kabla ya sikukuu na 25 baada yake. Viwanda vinaanza kupungukiwa watu mapema, na vingi havichangamki mpaka ipite siku ya kumi na tano ya mwaka mpya, sikukuu ya taa.

Mwaka 2013 sikukuu iliangukia 10 Februari. Rafiki yangu, mshonaji katika kiwanda cha nguo, alinichukua kwenda kwao kijijini, upande wa Hengyang, mkoa wa Hunan. Treni ya mwendo kasi ilikuwa inapita Hengyang tangu 2009, lakini nauli yake ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ya pole, kwa hiyo tulipanda ya pole, mabehewa ya kijani, viti vya wima. Behewa lina siti mia na ushee, na waliosimama sikuweza kuwahesabu. Mafundi ujenzi walikuja na ndoo tupu za rangi wamezijaza nguo na zawadi. Mchana ndoo ni sanduku, ukizifunika ni kiti. Mmoja alinipa ndoo yake nikae, jirani yangu wa siti alipotaka nafasi ya kumlaza mama yake mgonjwa. Maganda ya mbegu za alizeti yalifunika sakafu. Kila baada ya muda mtu anapita juu ya vichwa vya watu na bakuli la tambi kwenda kwenye birika kubwa la maji ya moto mwisho wa behewa, anarudi nalo linafuka moshi, na hakuna hata mmoja aliyemwagikiwa. Hilo mpaka leo silielewi.

Kijijini tulifika usiku. Kusini mwa China nyumba hazina mabomba ya kupashia joto kama kaskazini, na baridi ya Hunan inaingia kwenye mifupa. Wanaweka mkaa chini ya meza, juu wanatandika blanketi zito, na ukoo mzima unaingiza miguu humo. Dari ya jikoni imejaa nyama ya nguruwe inayokaushwa kwa moshi. Mama wa rafiki yangu alikuwa ameambiwa mimi Mwislamu, hivyo alishanunua karai jipya la kunipikia mayai na samaki, likiwa bado na karatasi ya dukani kwa nje. Bibi akaniletea beseni la maji ya moto niloweke miguu.

Rafiki yangu alikuwa na binti wa miaka minne, aliyelelewa pale na bibi zake. Mama yake humwona mara moja kwa mwaka. Alimnunulia viatu vyekundu Guangzhou, tulizunguka navyo soko zima kutafuta. Mtoto alijificha nyuma ya aproni. Wakamwambia, mwite mama, mwite mama. Hakuita. Viatu vilipojaribiwa havikuingia, kwa sababu mama yake alikisia kwa mguu wa mwaka uliopita. Nadhani alikuwa ameongeza kidogo, lakini si vya kutosha. Usiku wa nne mtoto ndiyo akakubali kulala naye. Siku ya saba tulirudi kazini.

Kwa hiyo mtu akinipigia simu Februari anafoka kuhusu mashati yake ya jumla, viatu vile hunijia. Simwelezi, nitamweleza nini? Namwambia tu mwaka ujao aweke oda Oktoba.

Sitaki nionekane nimelipwa kuwatetea. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou tulitolewa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala nje, na mabalozi wa nchi za Afrika wakaiandikia serikali ya China kulalamika. Mimi sikuwa nimesafiri popote, lakini niliwekwa karantini ndani ya chumba changu, na ilipokwisha mwenye nyumba akanitumia ujumbe nihame kabla ya jioni. Kodi ya miezi miwili niliyokuwa nimeilipa mbele hajanirudishia mpaka leo. Kwenye lifti watu walikuwa wakiniona wanasubiri nyingine. Katika siku zile za kufungiwa, bikizee wa ghorofa ya saba, ambaye kwa miaka mitatu tulikuwa tunaulizana tu kama tumekula, alikuwa ananing'iniza mfuko wa machungwa kwenye kitasa changu na kuondoka. Sikuwahi kumsikia akibisha hodi. Hayo yote mawili yalitokea kwenye jengo moja, na mimi siwezi kuandika habari za China nikaacha mojawapo.

Ninachowaomba wateja wangu, na sasa namwomba na msomaji yule, ni siku moja katika kila safari. Siku moja tu bila kikokotoo. Anayelala hoteli ya Xiaobei yuko mwendo wa miguu kutoka bustani ya Yuexiu, lakini nimewauliza wateja wengi, hawajawahi kuingia. Ukifika asubuhi utakuta wazee wamening'iniza vizimba vya ndege mitini, wengine wanacheza karata, akina mama wanacheza ngoma ya spika. Juu kuna sanamu ya mbuzi watano. Hekaya yao inasema watakatifu watano walishuka wamepanda mbuzi, kila mmoja na shuke la mpunga, wakauombea mji usipatwe na njaa.

Mimi hupenda kuwapeleka kwa mzee mmoja anayeandika kwa maji. Ana brashi ndefu kama fagio la kusimama, ncha yake ya sponji, na ndoo ndogo pembeni. Anachovya, anaandika shairi kwenye mawe ya sakafu, herufi kubwa kama sinia, mkono hautetemeki. Mpaka anafika mstari wa tatu, jua limeshakausha wa kwanza. Anaendelea tu. Mteja wangu mmoja alitazama dakika tano nzima, akanong'ona, "Anauza bei gani?"

Mchana yapelekeni matumbo yenu penye maandishi ya kijani ya qingzhen, yaani halali, kwenye maduka ya tambi za kuvuta. Wengi wa wenye maduka hayo ni Waislamu wa kabila la Wahui waliotoka Qinghai, mbali kabisa kaskazini magharibi. Kijana anakamata donge la unga, analipiga mezani, analivuta, analikunja, analivuta tena, na ukiinua macho limeshakuwa nyuzi. Ijumaa kuna msikiti wa Huaisheng, wenye mnara mweupe wa mita 36 uliokuwa ukiwaongoza mabaharia enzi mto ulipokuwa karibu.

Nilipokuwa darasa la sita tulipelekwa Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, kuona magofu. Mwalimu alituonyesha nguzo za makaburi zenye matundu ya duara, akatuambia humo mlikuwa na bakuli za Kichina, zikabanduliwa na wapitaji. Niliingiza ngumi kwenye tundu moja, ikaenea. Miaka mingi baadaye nilimsindikiza mteja Yiwu, mkoa wa Zhejiang, kununua vikombe vya chai, ndipo nikajua kwamba Longquan, kulikotoka vyombo vingi vya kijani vilivyochimbuliwa kwenye magofu ya pwani yetu, iko mkoa huo huo. Nilitaka kumweleza mteja. Alikuwa anabishania senti kumi za kikombe, nikanyamaza.

Mzee wa saa anarudi Oktoba, kwenye Maonyesho ya Canton, yale ya biashara ya hapa Guangzhou, na amekubali kunipa siku yake moja. Safari hii ameniuliza mapema kuhusu zawadi. Nimemwambia aepuke nyeupe, ni rangi ya msiba, nyekundu ni nzuri. Juzi amenitumia picha ya doti ya khanga aliyomnunulia mke wa mwenye kiwanda, nyekundu kweli kweli, maua ya korosho. Nikaivuta picha nisome jina. Imeandikwa: UKIMTAKA CHUKUA, MIMI NIMEMCHOKA.

Nimemwandikia arudi dukani akabadilishe. Amenijibu, "Binti, kwani atajua kusoma?" Nimemwambia hatajua, ataniuliza mimi.

Binti wa Ngamiani,
Guangzhou, China